UZI: Mkoa wa mwisho kwenye jedwali la Ulaya uko upande wetu wa bahari

Bi Takwimu

Salaam wakuu. Wiki hii kwenye makundi ya simu imezunguka ramani ya Ulaya iliyopakwa rangi: mikoa tajiri bluu iliyokolea, mikoa maskini njano. Chini yake watu wameshatoa hukumu. "Ireland imeiacha Ujerumani mbali." "Brussels hakuna mwenye njaa." "Ulaya Mashariki bado sana." Nafundisha takwimu mwaka wa kumi na nne huu, na ramani za namna hii nazipenda mno, ndiyo maana zikisomwa vibaya zinaniuma. Nimeona nifungue uzi tuisome pamoja, taratibu.

Naanza na kitu ambacho wengi hawakukiona kwa kuwa kimewekwa kwenye kisanduku kidogo pembeni. Ofisi ya takwimu ya Umoja wa Ulaya, Eurostat, hupanga mikoa kwa pato la mtu mmoja, wastani wa Umoja mzima ukihesabiwa kuwa 100. Mwaka 2022 aliyeshika namba moja ni mkoa wa kusini mwa Ireland: 286. Aliyeshika mkia alipata 30. Huyo wa mkiani si Bulgaria wala Romania. Ni Mayotte, au Maore kama wenyewe wanavyokiita, mojawapo ya visiwa vinne vikubwa vya Komoro. Ukipiga mstari ulionyooka kutoka Mtwara ni kama kilomita 600. Lugha yao, Kimaore, na Kiswahili chetu ni ndugu.

Mwaka 1974 visiwa vitatu vilipiga kura ya kujitawala, Maore wakakataa. Mwaka uliofuata Komoro ikajitangazia uhuru, wao wakabaki na Ufaransa, na mpaka leo serikali ya Moroni inakidai kisiwa hicho. Mwaka 2011 kikafanywa mkoa kamili wa Ufaransa, na tangu tarehe 1 Januari 2014 kimo ndani ya Umoja wa Ulaya. Kwa hiyo ukisikia "mkoa maskini kuliko yote Ulaya", jua unasikia habari ya watu wanaopika wali wa nazi na kuoana kwa harusi kubwa kama za kwetu. Bibi yangu mzaa mama alikuwa Mngazija wa Unguja, kwa hiyo namba hii 30 sikuweza kuipita hivihivi.

Nitarudi Maore. Kwanza tuijue ramani imeshonwaje.

Ulaya imekatwa vipande kwa utaratibu unaoitwa NUTS, wenye ngazi tatu. Ramani nyingi mnazoziona ni za ngazi ya pili, ambayo kwa toleo la mwaka 2021 ina mikoa 242. Kanuni inasema mkoa wa ngazi hiyo uwe na watu kati ya 800,000 na milioni 3. Kwenye karatasi ni hivyo. Nje ya karatasi, visiwa vya Åland vya Finland vyenye watu wapatao 30,000 ni mkoa mmoja, na Île-de-France, yaani Paris na viunga vyake vyenye watu milioni 12, nayo ni mkoa mmoja. Latvia nzima ni mkoa mmoja. Luxembourg nzima ni mkoa mmoja. Macho yako yanaviona vipande viwili vya rangi, yanavipa uzito sawa.

Ulizeni, naendelea.

Kipanga wa Mtwara

Shikamoo bi mkubwa. Uzi umetulia. Swali langu la haraka: hiyo 286 ya kusini mwa Ireland maana yake mtu wa Cork anaishi karibu mara tatu ya Mzungu wa kawaida?

Bi Takwimu

Marahaba mwanangu. Hapana, na hapo ndipo penye kiini cha uzi huu.

Kumbuka hesabu za sehemu za shule ya msingi: namba ya juu inaitwa kiasi, ya chini asili. "Pato la mtu mmoja" ni sehemu. Juu kuna thamani yote iliyozalishwa ndani ya mkoa kwa mwaka. Chini kuna watu wanaoishi mkoani. Kabla hujalinganisha mkoa na mkoa, uliza nani kaingia juu na nani kaingia chini. Mara nyingi si watu walewale.

Kusini mwa Ireland kuna viwanda vikubwa vya dawa, na Apple ina makao yake ya Ulaya hapo Cork. Kampuni ya kigeni ikihamishia hatimiliki za uvumbuzi wake Ireland ili ilipe kodi ndogo, faida ya simu na vidonge vilivyouzwa dunia nzima inaandikwa Ireland. Imeingia kwenye kiasi. Wenye hisa wanaokula faida hiyo wako Marekani na kwingineko. Hawamo kwenye asili.

Mwaka 2015 pato la Ireland lilitangazwa kukua kwa asilimia 26 ndani ya mwaka mmoja. Fikiria nchi nzima kujenga robo ya uchumi wake kwa miezi kumi na miwili! Haikujengwa barabara wala nyumba za kutosha kuonesha hilo. Vilivyohama vilikuwa vitabu vya hesabu vya kampuni. Wanatakwimu wa Ireland wenyewe waliona aibu ya namba hiyo, na mwaka 2017 wakaanza kutoa kipimo kingine kinachoondoa sehemu kubwa ya fedha za kupita. Nawaheshimu sana kwa hilo, maana ni rahisi mno kwa ofisi ya serikali kunyamaza namba inapoipendeza nchi.

Ukitaka kujua mtu wa Ireland anatumia nini hasa, chakula, nyumba, matibabu na shule ya watoto, kuna kipimo cha matumizi halisi ya mtu. Kwa kipimo hicho, miaka kadhaa Ireland imekuwa chini ya wastani wa Umoja. Nchi ileile, ofisi ileile ya takwimu, safu nyingine ya jedwali.

Mtu wa Matonge

Jambo wote. Miye ni mtu wa Bukavu, niko Brussels mwaka wa tisa. Dada yangu, nataka kuongeza jambo kwa ile maneno ya "Brussels hakuna njaa". Nafanya usafi kwenye maofisi upande wa Schuman. Saa kumi na moja ya asubuhi tuko ndani, saa mbili tunatoka. Wakati tunatoka, gari-moshi zinamwaga watu wenye kadi shingoni, wengi sana, wanatoka Leuven, Gent, Namur. Jioni wanarudi kwao. Sisi tunaolala hapa mjini, mtaa wangu watu wanapanga mstari wa kupokea vyakula kila juma. Kwenye ramani yenu Brussels ni bluu kabisa. Mtaa wangu si bluu.

Bi Takwimu

Ahsante sana kaka. Umelieleza kwa macho jambo ambalo mimi darasani hunichukua kipindi kizima.

Mfanyakazi anayelala Leuven na kufanya kazi Brussels, jasho lake linaandikwa Brussels na kichwa chake kinahesabiwa Leuven. Wanaoingia mjini humo kwa kazi kila siku ni zaidi ya 300,000. Wote wamo kwenye kiasi cha Brussels, hakuna hata mmoja kwenye asili. Ndiyo maana pato la mtu mmoja huko ni karibu mara mbili ya wastani wa Umoja, na wakati huohuo zaidi ya theluthi ya wakazi wa mji wako kwenye hatari ya umaskini au kutengwa, kiwango cha juu kuliko mikoa yote ya Ubelgiji. Namba zote mbili ni za kweli. Moja inaongelea majengo, nyingine inaongelea watu wanaolala mjini.

Luxembourg ni vilevile: karibu nusu ya wanaofanya kazi za mshahara wanavuka mpaka kila siku kutoka Ufaransa, Ubelgiji na Ujerumani. Na enzi za Uingereza kuwa ndani ya Umoja, sehemu ya magharibi ya London ya kati ilifikisha 611 mwaka 2016. Mia sita na kumi na moja! Pale wanalala watu wachache na wanafanya kazi wengi mno, wakiwemo wa mabenki ya City, mtaa wa fedha wa London.

Upande wa maskini nako kuna mtego huo. Kaskazini-magharibi mwa Bulgaria, mkoa unaoitwa Severozapaden, kwa miaka mingi umekuwa miongoni mwa mikoa ya chini kabisa ya Ulaya bara. Ndani yake kuna wilaya ya Vratsa ambayo ukiitazama peke yake inang'ara. Sababu ni kinu cha umeme wa nyuklia cha Kozloduy kando ya mto Danube. Umeme unakwenda nchi nzima, thamani inaandikwa Vratsa, na vijiji vya jirani vinaendelea kuhamwa na vijana.

Ngosha

Dada, wanaposema "uwezo wa kununua" wanamaanisha nini? Maana naona kuna jedwali la yuro na jedwali lingine.

Bi Takwimu

Yuro mia moja sokoni Bucharest zinajaza kikapu. Copenhagen zinajaza nusu yake au pungufu. Kwa hiyo kabla ya kulinganisha, pato linarekebishwa kwa bei. Bei za matumizi ya nyumbani Denmark ni zaidi ya mara mbili ya zile za Romania au Bulgaria, kwa hiyo usipofanya marekebisho hayo unawaonea watu wa mashariki.

Tatizo moja tu: bei inayotumika ni ya nchi nzima. Pango la chumba Paris na pango la nyumba kijijini katikati ya Ufaransa vinarekebishwa kwa kipimo kimoja. Paris inaonekana na nafuu ambayo mpangaji wa Paris haioni.

Mama Shufaa

Mimi kilichonishangaza ni jedwali la umaskini. Czechia wana maskini wachache kuliko Luxembourg? Luxembourg si ndiyo nchi ya mabenki? Naomba ufafanuzi mwalimu, nimebishana na mume wangu jana mpaka chai ikapoa.

Bi Takwimu

Pole mama, mlikuwa na haki ya kubishana. Jedwali ndivyo linavyosema: Czechia karibu mmoja kati ya kumi yuko kwenye hatari ya umaskini, Luxembourg zaidi ya mmoja kati ya sita.

Mstari wa umaskini wa Ulaya haukatwi kwa kiasi kimoja cha fedha kama ule wa Benki ya Dunia tuliouzoea. Wapange watu wa nchi moja kuanzia mwenye kipato kidogo hadi kikubwa, umchukue aliye katikati kabisa. Asilimia 60 ya kipato chake ndiyo mstari wa nchi hiyo. Aliye chini ya hapo anahesabiwa. Luxembourg aliye katikati anapata fedha nyingi, kwa hiyo mstari uko juu sana. Mtu aliye chini ya mstari wa Luxembourg anaweza kuwa na kipato kinachomzidi mtu wa hali ya kati Romania, hata bei zikirekebishwa. Kwa maneno mengine, kipimo hiki kinauliza: umeachwa nyuma na jirani zako kiasi gani? Hakiulizi kama umekula.

Sikidharau hata kidogo. Mtoto ambaye darasa zima limekwenda safari ya masomo yeye akabaki kwa kukosa nauli, ameumia, awe Luxembourg au Lindi. Ninachokataa ni kuweka ramani ya kipimo hiki pembeni ya ramani ya pato halafu mtu aseme "Czechia tajiri kuliko Luxembourg".

Kuna ukali mwingine: mstari ni wa taifa, si wa mkoa. Kusini mwa Italia, Calabria au Sicilia, wanapimwa kwa mstari mmoja na Bolzano kule milimani kaskazini. Calabria pato la mtu halifiki 60, Bolzano limevuka 150. Taifa moja tangu Bolzano ilipoingizwa Italia mwaka 1920! Na mwaka 2023, Calabria, Campania na Sicilia zilikuwa na watu wa miaka 20 hadi 64 wenye kazi chini ya nusu. Ukichukua wastani wa Italia nzima humpati mtu wa Napoli wala wa Bolzano. Unapata mtu asiyeishi popote.

Kipanga wa Mtwara

Bi mkubwa, mipaka hii ya mikoa nani anaikata? Isije ikawa wanakata wanavyotaka wao.

Bi Takwimu

Umegusa penyewe, na hapa naomba mnivumilie nirefushe.

Serikali ya kila nchi inapendekeza, Umoja unapitisha, na kuna sheria ya mwaka 2003 inayosimamia. Lakini mipaka hii ina fedha ndani yake. Kwa miaka 2021 hadi 2027 mfuko wa kusawazisha mikoa ni kama yuro bilioni 392, karibu theluthi ya bajeti nzima ya Umoja. Mkoa wenye pato chini ya 75 ya wastani unaitwa wenye maendeleo duni na unapata sehemu kubwa zaidi, na mchango wa Umoja kwenye kila mradi unakuwa mkubwa. Kati ya 75 na 100 unaitwa wa mpito. Ukivuka 100, mgawo unapungua sana.

Sasa jiweke Hungary. Budapest na wilaya ya Pest inayoizunguka vilikuwa mkoa mmoja. Budapest tajiri ikavuta wastani juu, vijiji vya Pest vikahesabiwa navyo ni matajiri. Kwenye marekebisho ya mipaka yaliyoanza kutumika 2018, Hungary ikaitenga Budapest. Siku ya pili yake Pest ikawa ya chini ya 75. Hakuna kisima kilichokauka, hakuna kiwanda kilichofungwa, umehamishwa mstari. Poland ikaitenga Warszawa na mkoa wake wa Mazowsze, Lithuania ikaitenga Vilnius na nchi iliyobaki. Marekebisho yaleyale, mwaka uleule.

Wapo wanaoliita jambo hili ujanja. Mimi siliiti hivyo. Mwalimu wa kijijini Pest alikuwa anakosa ukarabati wa shule yake kwa sababu kuna benki Budapest, na hiyo ilikuwa dhuluma ya hesabu. Mipaka mipya inasema ukweli zaidi kuliko ya zamani. Ila ukichukua ramani ya 2015 na ramani ya 2020 ukasema "Pest imefilisika", umesema uongo bila kujua. Kila jedwali la mikoa lisomwe na toleo la mipaka yake. Mimi mwanafunzi akiniletea mfululizo wa miaka ishirini bila kutaja toleo, namrudishia kazi.

Mama Shufaa

Na yale mambo ya afya na watoto? Au ni fedha tu?

Bi Takwimu

Hapo ndipo ramani inapogeuka, mama. Umri wa kuishi mrefu kuliko wote hauko kwa matajiri wa Luxembourg wala Ireland. Mkoa wa Madrid huwa juu kabisa, zaidi ya miaka 85. Mwaka 2021, mwaka mbaya wa korona, Severozapaden ya Bulgaria ilishuka chini ya miaka 70. Miaka kumi na mitano ya uhai kati ya mikoa miwili ya Umoja mmoja, na watu wanapita kwa kitambulisho tu.

Ujerumani nayo itazame. Zaidi ya miaka thelathini tangu kuungana, mashariki bado ina kipato kidogo kuliko magharibi. Lakini watoto wa chini ya miaka mitatu wanaopata nafasi kwenye vituo vya malezi mashariki ni zaidi ya nusu, magharibi ni kama theluthi. Na pengo la ujira kati ya wanaume na wanawake mwaka 2023 lilikuwa asilimia 7 mashariki, 19 magharibi. Mwanamke wa mashariki alizoea kwenda kazini tangu enzi za serikali ya kikomunisti, na vituo vya malezi vikabaki. Ukiniuliza wapi ningependa kuanza kazi nikiwa na mtoto mchanga, jibu langu si mkoa wenye bluu iliyokolea.

Mtu wa Matonge

Dada, ulisema utarudi Maore. Hiyo ni masikini ao tajiri? Maana nasikia watu wanakufa kwenye bahari wakienda kule.

Bi Takwimu

Narudi.

Ndani ya Ufaransa: mwaka 2018 watu 77 kati ya kila 100 wa Maore walikuwa chini ya mstari wa umaskini wa Ufaransa. Sensa ya 2017 ilikuta nyumba nne kati ya kumi ni za bati, na tatu kati ya kumi hazina maji ya bomba ndani. Ruzuku ya chini ya mtu asiye na kipato kwa miaka imekuwa kama nusu ya ile anayolipwa mtu wa Marseille, bendera ikiwa moja. Halafu tarehe 14 Desemba 2024 kimbunga Chido kikapita juu ya mabati yale.

Na asili yenyewe inabishaniwa. Mwanzoni mwa 2024 ofisi ya takwimu ya Ufaransa ilikadiria watu 321,000. Viongozi wa kisiwa wakasema ni wengi zaidi, kwani wengi wanajificha. Kama viongozi wana haki, basi pato la mtu mmoja liko chini hata ya hiyo 30, na idadi ya vitanda vya hospitali na madarasa kwa kila mtoto nayo ni ndogo kuliko inavyoandikwa.

Sasa geuka umtazame jirani. Ndzuani, kimoja cha visiwa vitatu vya nchi ya Komoro, iko kilomita 70 tu, na pato la mtu wa Komoro ni sehemu ndogo ya hilo la Maore. Kwa mama mjamzito wa Ndzuani, mkoa maskini kuliko yote Ulaya ndiko kwenye hospitali yenye daktari na dawa. Mpaka 1995 alikwenda na kurudi bila viza. Tangu mwaka huo viza ikawekwa, na watu wanavuka usiku kwa mashua ndogo wanazoziita kwassa-kwassa. Maelfu wamezama.

Kaka, swali lako ni masikini au tajiri. Kwenye jedwali la Eurostat ni masikini wa mwisho. Kwenye macho ya Ndzuani ni tajiri kiasi cha mtu kuhatarisha mtoto wake. Na waliozama kati ya visiwa hivyo viwili hawamo kwenye asili ya Maore, na Komoro pia hakuna safu yao. Bibi yangu alikuwa na binamu mmoja aliyeolewa Maore kabla ya viza. Walikuwa wakitembeleana kwa jahazi msimu wa harusi, na siku ya mbingu safi, alisema, ukisimama Maore unauona mlima wa Ndzuani.